Istanbul, Kigoma au Msamvu? Jibu kwa mpiga picha wa Morogoro

Swali, kwa kifupi: msomaji wa Morogoro anaendesha studio ndogo, anapiga harusi, send-off na pasipoti saizi. Ameweka akiba ya shilingi milioni sita. Anataka kwenda Istanbul wiki mbili mwezi Julai, "nikwepe baridi yao", arudi na picha za safari za kuwaonyesha wateja wakubwa, maana picha za nyumbani "kila mtu anazo, na zangu zinatoka kavu". Rafiki yake anamshauri fedha hiyo anunue lenzi ya 70-200, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Anauliza afuate lipi, na kama ni kweli kwamba kusafiri ndiko kunakomkomaza mpiga picha.

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Kuweka milioni sita kwa kazi ya harusi, ambako kamati inamaliza bajeti kwenye ukumbi na chakula halafu mpiga picha anaambiwa asubiri, si mchezo.

Istanbul utakwenda, ila si mwaka huu, na ukienda usiende Julai. Lenzi iache kwanza. Na kilichozikausha zile picha ulizoniambatishia ni saa uliyozipiga. Chukua ile ya mama muuza mboga pale Soko la Chifu Kingalu. Kivuli cha pua kimeshuka wima hadi mdomoni. Hiyo ni saa sita, au saa saba kasoro. Macho yamekuwa mashimo, na kitenge kilichotundikwa nyuma yake kimeungua kwa mwanga hata maua hayaonekani. Mama mwenyewe ana uso mzuri sana, na pozi hukumlazimisha, hilo nimeliona.

Morogoro iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua letu halipandi kwa kuzungukazunguka, linapanda kama linavutwa kwa kamba. Dakika 40 baada ya kuchomoza tayari liko digrii 10 juu ya upeo, na ule mwanga laini wa manjano ndio unakwenda hivyo. Jioni ni vilevile. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linakupita utosini na kivuli chako unakikanyaga. Sasa linganisha na Oslo, mbali kaskazini mwa Ulaya. Nilifanya kazi huko Desemba moja kwa ajili ya shirika fulani, na sikuhitaji kuamka usiku kuvizia mwanga. Jua lilichomoza saa tatu na kitu, likazama saa tisa alasiri, na katikati hapo halikupanda hata digrii 7. Ule mwanga tunaoufukuzia kwa bodaboda alfajiri ulikuwa umelala barabarani siku nzima. Vituo vya mabasi, mapipa ya taka, kila kitu kilionekana kama tangazo.

Nakwambia hivi kwa sababu unapotazama picha za ng'ambo kwenye simu yako unadhani unatazama nchi nzuri na wapiga picha hodari. Mara nyingi unatazama latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta. Istanbul yenyewe iko digrii 41 kaskazini. Desemba, jua lao la adhuhuri liko juu kiasi cha jua letu la saa mbili asubuhi. Lakini Julai, mwezi ulioupanga wewe, jua lao la mchana linafika takriban digrii 70. Utakuwa umepanda ndege ukimbie mwanga wa saa sita wa Morogoro, uende ukapige kwenye mwanga wa saa sita wa Istanbul, tena katikati ya msimu wa watalii. Baridi unayoikwepa ndiyo imebeba unachokitafuta.

Hapo ulipo una dawa tatu. Ya kwanza ni kivuli kilicho karibu na mwanga: upenuni, barazani, chini ya mwembe, mlango wa duka ulioelekea barabara. Msogeze mtu hatua mbili ndani, macho yatarudi. Ya pili ni masika. Wapiga picha wetu wakiona mawingu wanafunga begi, na mimi ndio kwanza nafungua langu. Ya tatu ni Uluguru. Desemba jua linachomoza kusini-mashariki, yaani nyuma ya milima, kwa hiyo mji unakaa kivulini huku mbingu juu imeshang'aa. Akina mama wanaoshuka na ndizi na mboga wanapita kwenye mwanga ambao mwenye studio Ulaya anaununulia taa.

Sasa Istanbul yenyewe. Ukiitaja tu, najua kinachokujia kichwani, maana nami ndicho kilichonijia kabla sijafika: kivuko kinatoa moshi, shakwe wanakifuata, misikiti kwa mbali ukunguni, wanaume na ndoano zao wamejipanga Daraja la Galata. Taswira hiyo, kuliko mtu mwingine yeyote, aliijenga mpiga picha Ara Güler. Alizaliwa jijini humo mwaka 1928, baba yake akiwa na duka la dawa Beyoğlu, na akafariki humohumo mwaka 2018. Alisafiri sana duniani, lakini picha zilizofanya aitwe Jicho la Istanbul ni za mitaa aliyokuwa anaikatiza kwenda kununua mkate. Kwa hiyo ukishuka pale kwa wiki mbili ukiwa na taswira ile kichwani, utakuwa unanakili kazi ya mtu aliyekaa nyumbani. Nimeona pia kinyume chake Unguja: mgeni anashuka na kamera, siku tatu, anapiga mlango wa Zanzibar, paka, mtoto wa madrasa anakimbia, ngalawa machweo. Sisi tunacheka. Galata, wewe ndiye utakuwa mgeni huyo.

Kuna safari moja ya Güler ninayoipenda kuliko kazi zake zote za jijini. Mwaka 1958 alitumwa kupiga picha bwawa jipya la Kemer, magharibi mwa Uturuki. Wakati wa kurudi dereva akapotea njia, usiku ukawaingilia, wakajikuta kijiji kinachoitwa Geyre. Kwenye mkahawa wa kijiji wanaume walikuwa wanacheza karata juu ya vichwa vya nguzo za marumaru. Nguzo zingine zilikuwa zimejengewa ndani ya kuta za nyumba. Watu walikuwa wanaishi juu ya mji wa kale wa Aphrodisias, wanaukalia na kulia chakula juu yake. Alipiga, picha zikazunguka nje, mwaka 1961 mwanaakiolojia Kenan Erim akaanza uchimbaji mkubwa, na mwaka 2017 UNESCO wakauandika kwenye Urithi wa Dunia.

Tazama kilichowezesha jambo lile. Mtu yuko nchini mwake. Anaweza kuuliza njia na kuelewa jibu. Anakaa mkahawani bila mtu kushangaa amefuata nini. Hana ndege ya kuwahi kesho. Kwake kupotea hakukugharimu kitu, na ndiyo maana aliweza kukaa kwenye upotevu wake mpaka ukazaa picha.

Hicho ndicho kipimo ninachokupa wewe. Ukipanga safari ya picha, usihesabu kilomita, hesabu muda wa kupoteza utakaoweza kuulipia. Toa tiketi, viza, chumba na chakula kwenye milioni sita, utabaki Istanbul na siku ambazo kila moja imeshalipiwa kwa uchungu. Mtu mwenye siku za aina hiyo hangoji. Anapiga kilichopo, anahamia kituo kinachofuata. Fedha hiyohiyo kati ya Morogoro, Kigoma na Unguja inakununulia miezi ya kungoja.

Na kungoja kwenyewe kuna elimu. Akina mama wa mwani kule Paje na Jambiani, Unguja, hawaingii shambani kila siku. Wanafuata bamvua, siku chache kuzunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali. Ukitua wakati wa maji mafu, yasiyokupwa mbali, utakuta bahari na watalii basi. Ukishaijua kalenda hiyo, ingia ndani zaidi: kilele cha bamvua pwani yetu maji hukupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, mwanga tayari mkali. Lakini kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku mbili kabla ya kilele yanakupwa mapema zaidi, karibu saa tatu. Hapo jua bado linakuja kwa upande. Na hata likipanda, mchanga ule mweupe unarudisha mwanga kutoka chini na kuyafuta mashimo ya macho yaliyokusumbua sokoni. Haya sikuyapata kwenye kitabu chochote cha kamera. Niliambiwa na wenye mwani, kwa Kiswahili, wakinicheka kwa kuja na viatu.

Kigoma ni hivyohivyo, ila kwa giza. Wavuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika wanatoka na taa usiku usio na mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki. Ukienda kwenye giza utapata mitumbwi inarudi alfajiri mwaloni Kibirizi na dagaa wanaanikwa. Ukienda mwezi mpevu utapata nyavu zinashonwa na watu wenye nafasi ya kuongea. Mimi nakushauri uanze na mwezi mpevu. Zungumza kwanza, picha za mitumbwi zitakuja wiki mbili baadaye, na utakuwa unajua mtumbwi upi ni wa nani. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo asubuhi jua likishavuka vilima linakuwa mgongoni kwako na linawaangaza wanaorudi usoni. Jioni linazama milima ya Kongo. Ulizia pia kama uvuvi uko wazi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Na kwenda panda treni ya reli ya kati, ile ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Chagua kiti cha dirishani, kamera ifunge kwenye mfuko wa plastiki muda wote usipoitumia, vumbi la huko linaingia hata pasipo na tundu.

Ukitoka hapo vuka mpaka kwa lugha yako. Mombasa na Lamu, Bujumbura, kisha siku moja Muscat. Matrah, sokoni, nilimsalimia mzee wa duka la ubani kwa Kiarabu changu kibovu, akanijibu kwa Kiunguja safi na kuniuliza hali ya Ng'ambo na Mwembetanga, mitaa ya mjini Unguja, kama aliyeondoka jana. Nilikaa pale mpaka adhuhuri. Picha niliyompiga si ya ajabu, lakini iliyofuata, ya ndugu zake chumba cha nyuma na kahawa, hakuna mpiga picha wa wiki mbili angeruhusiwa kuipiga.

Lugha inakupa ruhusa, na inakupa pia kunyimwa. Sokoni kwetu ukiinua kamera unaulizwa, "Picha hiyo unaipeleka wapi?" Swali hilo limetokana na miaka mingi ya watu kupigwa picha zisizorudi. Wewe unalielewa, unalijibu, na ukikataliwa unajua umekataliwa. Usipojua lugha ya watu, kila tabasamu unalisoma kuwa idhini, na mara nyingi tabasamu lile ni aibu tu, au ni namna ya upole ya kukufukuza. Pwani usimpige mwanamke kabla hajakubali kwa mdomo wake, hata kama mumewe au muuza duka jirani amesema "piga tu". Na safisha picha uwapelekee. Wewe una mashine studioni, gharama yake haifiki soda. Anayekuja kwa mara ya pili akiwa na picha mkononi hahitaji kujieleza tena.

Kwa sababu unataka picha za kuvutia wateja, fahamu kwamba hayo ni matumizi ya biashara, na sheria zinabana hapo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na uso wa mtu ni taarifa yake. Chukua idhini ya maandishi, hata mistari mitatu na sahihi. Falme za Kiarabu kumpiga mtu picha bila ridhaa yake kunaweza kukufikisha mahakamani. Ujerumani wana sheria ya haki ya mtu juu ya sura yake tangu mwaka 1907, iliyosukumwa na kashfa ya wapiga picha waliojipenyeza kumpiga Bismarck akiwa maiti mwaka 1898. Paris, mnara wa Eiffel mchana ni wa kila mtu, usiku taa zake zina hakimiliki ukitaka kuuza picha. Droni usiibebe Moroko, wanaizuia uwanja wa ndege. Na nyumbani, kabla hujaenda Magogoni kupiga kivuko cha Kigamboni, kumbuka jirani wa kivuko ni Ikulu. Kambi, viwanja vya ndege na madaraja nayo yaache. Betri zote za akiba zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiingie kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege.

Umeniuliza kama kusafiri kunamkomaza mpiga picha. Nitakujibu kwa mtu wa studio kama wewe. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, nchini Mali, mwaka 1948, mtaa wa Bamako-Coura, karibu na stesheni ya reli iliyokuwa inakwenda Dakar. Alipiga uani, kwa mwanga wa jua, mbele ya pazia la kitambaa, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Kila mteja alimpiga mara moja tu, kwa kuwa karatasi na filamu ni fedha. Abiria walioteremka kwenye treni walimfuata wenyewe. Mwaka 1994 picha zake zilitundikwa Paris, na leo wapiga picha wa mitindo duniani kote wanaiga yale mapazia. Safari zilikuja kwake.

Sasa wewe uko Morogoro. Pale stendi ya Msamvu yanapita mabasi ya Dar, Dodoma, Iringa, Mbeya, Songea. Tangu Juni 2024 una pia treni ya SGR. Mtu wa Tunduma aliyebeba kuku na mtu wa Kariakoo aliyebeba marobota ya mitumba wanakaa benchi moja nusu saa, kisha hawaonani tena. Omba kibali kwa uongozi wa stendi, tundika pazia moja kwenye kivuli cha ukuta, lilelile la pasipoti saizi likibidi, na piga wasafiri na mizigo yao kila Jumatatu, siku ambayo huna harusi. Kila mmoja mpe nakala palepale au mtumie kwenye simu. Ukiendelea hivyo mwaka mzima utakuwa na picha za safari ambazo hakuna mtu mwingine anazo nchini, na wateja wakubwa unaowataka, hoteli, makampuni ya usafiri, mashirika, watakuita kwa hizo kabla ya kukuita kwa shakwe wa Galata. Mimi ningeifanya hiyo kwanza, kabla hata ya Kigoma.

Istanbul ije baada ya hapo, kwenye majira ya baridi, na ikija iendee kwa ubahili. Chagua kivuko kimoja, mathalani cha Eminönü kwenda Kadıköy. Safari yake ni kama dakika 20, unaondoka Ulaya unashuka Asia. Panda hichohicho kila siku, saa ileile, mpaka muuza chai akutambue. Misikiti mikubwa utaiona dirishani, inatosha.

Lenzi ya 70-200 ni nzuri kanisani, padri asipokuruhusu kusogea. Kwa kazi niliyokueleza itakufundisha kusimama mbali na watu, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kirahisi. Ukiihitaji kwa harusi, kodi kwa siku. Kwa Msamvu na Kigoma beba mwili mmoja wa kamera na lenzi ya 35 peke yake, au 50 kama ndiyo uliyonayo. Flashi iache studioni. Kati ya zile milioni sita tenga kiasi kwa ajili ya karatasi na wino, maana ukizigawa picha kama nilivyosema, hivyo ndivyo vitakavyokwisha mapema. Kibali cha stendi kinaweza kuchukua muda, kwa hiyo barua ipeleke wiki hii.